Nimepigwa Pangani: nimelipia kuvua samaki mahali ambapo kuvua ni marufuku

Wakuu, uzi huu nilitaka kuushusha Jumamosi ile ile usiku, mke wangu akaninyang'anya simu. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Shemeji yangu anaishi Ujerumani. Kwao Julai ni kiangazi, shule zimefungwa, kila mtu anakimbilia baharini. Akaniambia mwaka huu analeta familia, wanataka kupanda boti na kuvua, ila mji mdogo usio na msongamano. Nikasema Pangani. Mtandaoni nikampata wakala mwenye picha za kukutoa pesa mfukoni: fungu la mchanga la Maziwe jeupe pee, maji kama kioo, mzungu kakumbatia nguru mrefu kama mtoto wa darasa la tatu. Watu saba, siku moja, kuvua, kuogelea, samaki wa kuchoma na wali juu ya fungu: shilingi 950,000. Akataka nusu, nikatuma. Usiku wa kuamkia safari akataka iliyobaki, eti nahodha anadai mafuta. Nikatuma tena. Hapo nilikuwa mjinga, nakubali, msinitukane sana.

Boti ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Tukakaa ukingoni mwa mto hadi karibu saa sita, watoto wanahesabu pikipiki zinazoingia kwenye kivuko cha Bweni. Simu ya wakala inaita, haipokelewi. Boti ilipotokea ilikuwa inarudi na kundi jingine, wamelowa, wanacheka, wameshiba.

Mtu wa Pwani anayesoma hapa keshaelewa. Jana yake mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Na Maziwe si kisiwa cha minazi. Zamani kulikuwa na miti, bahari ikala ardhi, likabaki fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Wale wa asubuhi walikula pakavu. Sisi tumefika karibu saa nane, pamebaki pa kusimama kama zulia la sebuleni, na zulia lenyewe linakunjwa. Muda si mrefu maji yako magotini, shemeji kajitwika sufuria ya wali kichwani.

Na hapo sijasema tulivyotoka mlangoni mwa mto. Julai ni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Pale maji ya mto yanapokutana na mawimbi, boti ilikuwa inanyanyuka pua hadi hatuoni mbele, kisha inaanguka kwa kishindo. Majaketi okozi matatu! Abiria saba na mabaharia wawili, majaketi matatu. Tukawavika watoto. Moja zipu mbovu, tukalifunga kwa kanga ya mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa anatapika ubavuni mwa chombo na kunitaja jina langu lote la cheti cha ndoa.

Kuvua sasa. Shemeji alibeba fimbo yake ya kuvulia kutoka huko, kailipia mzigo wa ziada kwenye ndege. Anaanza kuiunganisha, nahodha akamshika mkono taratibu: "Kaka, hapa hakuvuliwi. Hii ni hifadhi."

"Hata mshipi wa mkono?"

"Hata mshipi. Nani kawaambia mtavua?"

Nikamwonyesha tangazo. Akalitazama, akasema boti ile ya kwenye picha hajawahi kuiona Pangani. Nikamuuliza yeye kalipwa ngapi. 180,000, mafuta humo humo. Mwenye chombo, mwenye kuhatarisha roho, 180,000. Aliyekaa na simu, 770,000! Nahodha simlaumu sana, ingawa majaketi ni yake na nilimwambia. Wakati wa kurudi alitupitisha nje ya mipaka ya hifadhi tujaribu bahati, robo saa haikufika, kusi ikatufukuza.

Jioni tukanunua kolekole kwa wavuvi. Shemeji akapiga naye picha, kashika na fimbo yake kavu. Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jumapili tukawatembeza watoto Boma, jengo la zamani la serikali, na kuwasimulia Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, alivyonyongwa mji huo huo mwaka 1889. Ndicho kitu pekee safari nzima ambacho hakikuwa na wakala.

Nimedai pesa yangu. Jibu: "Bosi, hali ya hewa ni mipango ya Mungu." Sikiliza wewe. Upepo nakuachia. Lakini kupwa na kujaa si hali ya hewa. Majedwali yake huchapwa ya mwaka mzima, na mvuvi asiyejua kusoma anaangalia mwezi tu anakwambia saa. Na marufuku ya kuvua haikuletwa na mawingu.

Mwenye uzoefu anielekeze: suala la majaketi nipeleke TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, moja kwa moja, au kuna ofisi Tanga? Na pesa niliyotuma kwa simu, polisi wanaichukulia kama utapeli au wataniambia ni madai? Risiti zote ninazo, na ujumbe wa sauti wa wakala wa jana usiku ninao pia. Anasema, nanukuu: "Mngekuja Novemba, wakati wa matlai, bahari imelala kabisa. Julai hata sisi wenyewe hatuendi."