Naomba ushauri: mchumba wa mama wa enzi za vita yu hai

Ndugu zangu, niko Ngamiani, Tanga. Mama yangu ni Myao wa Niassa, Msumbiji. Alivuka Ruvuma mwaka 1987 akaingia Songea, baadaye akamfuata mjomba wake aliyekuwa akikata mkonge huku Muheza. Ndiko alikoolewa na baba, sasa marehemu.

Vita vile vya Msumbiji, kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo (1977 hadi 1992), mama hapendi kuvizungumza, isipokuwa kisa kimoja. Watu wa Renamo walikuwa wakija kijijini kuchukua chakula na vijana wa kuwabebea mizigo. Wanakijiji wakawa wanalala porini, mahindi wanayafukia. Kijana aliyemchumbia mama ndiye aliyeyajua mashimo yote. Usiku mmoja akakamatwa, akapigwa, hakusema. Wakaondoka naye. Mama alimngoja misimu miwili ya mvua, ndipo akavuka. (Kila akisonga ugali hukitaja hicho kisa, baba alikuwa akicheka tu.)

Mwezi uliopita binamu yangu wa Lichinga, huko Niassa, kanipigia: yule mzee yu hai, ni mgane, na anamuulizia mama.

Mama ana presha. Kaka yangu mkubwa anasema ni kumvunjia baba heshima, eda yenyewe imekwisha Mfungo Saba. Mimi naona ana haki ya kujua. Nimwambie mwenyewe, au nimtangulize somo yake? Na mliowahi kuletewa habari za mtu mliyekwisha kumkalia matanga, mlifanyaje?