Mrejesho: yai lililoelea kabla ya chumvi

Wiki mbili zilizopita niliuliza jinsi ya kuwafundisha watoto wa Gredi ya 4 kuelea na kuzama bila maabara, nanyi mkaniambia nitumie yai na chumvi: yai huzama katika maji matupu, huelea yakikolea chumvi. Nimefanya hapa Kisumu, na nusura niaibike.

Nilikata shingo ya chupa ya lita moja, nikatia maji ya mfereji, nikatumbukiza yai. Likaelea! Sijatia hata chembe ya chumvi. Watoto wananitazama, nami nalitazama yai. Kumbe nilikuwa nimeuziwa yai la siku nyingi: maji ya ndani hupungua kupitia ganda, nafasi ya hewa inakua, yai linakuwa jepesi. Basi hilo likawa somo la kwanza, na bure kabisa.

Yai la pili, jipya kabisa, lilizama tii. Vijiko vinne vya chumvi, kimya. Cha tano likasimama wima, likitikisika kama mtu anayesinzia kwenye matatu. Cha sita likapanda, darasa likalipuka.

Kijana mmoja akauliza kama baharini Mombasa mtu huelea zaidi kuliko ziwani. Ndiyo, kidogo, kwa sababu lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Ila yai jipya lingezama hata huko baharini.

Jaribio lingine, la mshumaa unaofunikwa kwa glasi hadi uzime, nimeliacha, maelezo yake huwapotosha wengi. Sasa nataka la sumaku. Nani ana spika mbovu nitoe sumaku yake?