Jioni zimenishinda: WhatsApp, Telegram, Discord au kundi la watu wachache? Nisaidieni kuchagua

BabaWawili_Lanet (Nakuru)

Hamjambo nyote. Nina miaka 44, ni fundi wa mabomba. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita na watoto wetu wawili wako shule ya bweni, kwa hivyo shule zikifunguliwa nyumba inanyamaza. Juzi nilisonga ugali, nikaupakua, ndipo nikaona nimesonga wa watu wanne kama zamani. Nilikula kipande, uliobaki nikaufunika kwa sahani, nikakaa nauangalia.

Mchana sina shida. Nina wateja, nina kazi, na Jumapili niko kanisani. Saa zinazonishinda ni kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Baa sitaki kwa sababu najijua. Na mke sitafuti hapa, naomba hilo lieleweke. Natafuta watu wa kuzungumza nao.

Nimeshajaribu mahali patatu. Kundi la WhatsApp la mtaa wetu lina watu zaidi ya 300: maji yamepotea, nyumba ya kupanga ipo, harambee, salamu za asubuhi zenye maua. Usiku mmoja nilijipa moyo nikaandika, "Jamani, kuna aliye macho tupige stori?" Mmoja aliniwekea kidole gumba, kisha likaja tangazo la mitungi ya gesi. Telegram niliingia kundi la maelfu ya watu. Huko ujumbe unapita kama malori ya barabara kuu ya Nairobi, ukiandika neno limeshafukiwa kabla halijasomwa. Facebook nilipata kundi la wafiwa. Wana roho nzuri kweli, lakini ni kilio usiku kucha, nami nalala nikiwa mzito kuliko nilivyoingia.

Je, tatizo ni mahali ninapoingia au ni mimi? Aliyepata watu wa kweli mtandaoni aniambie aliwapata wapi.

---

Nyar_Dunga (Kisumu)

Pole sana, baba. Tatizo si wewe.

Mimi naanza na hesabu. Kundi la WhatsApp sasa linabeba hadi watu 1,024, la Telegram hadi 200,000. Hebu niambie ni nani atakayejua kwamba leo hukuingia. Mimi niliachana na mume wangu nikiwa na miaka 39, nikahama nyumba, marafiki wa ndoa wakabaki na ndoa. Nilizunguka makundi makubwa mwaka mzima bila kumjua mtu hata mmoja.

Kilichonitoa ni kufuma. Nilikuwa kwenye kundi kubwa la wanaofuma vitambaa, siku moja mama mmoja wa Ahero akauliza nani angependa wafume pamoja jioni kwa simu. Tulijitokeza tisa, tukafungua kikundi chetu humo humo WhatsApp. Kila Jumatano na Jumapili saa mbili usiku tunapigiana simu ya kikundi, kila mtu na uzi wake mapajani. Kuna wakati dakika kumi zinapita bila mtu kusema neno. Unasikia tu redio ya mmoja, mtoto wa mwingine anakohoa, na kwa yule mama wa Ahero unasikia vyura wa mashamba ya mpunga. Siwezi kukueleza vile vyura hao walivyonituliza mwaka ule.

Nilipougua malaria nikakosa siku mbili, simu tatu zilikuja asubuhi moja. Mama wa Ahero alipanda matatu akaja Nyalenda na samaki, na hatukuwa tumewahi kuonana ana kwa ana.

Ubaya wa WhatsApp ni huu: kila aliye kundini anaiona namba yako. Mwanamume nisiyemjua aliitoa yangu kwenye kundi kubwa, akanipigia saa sita usiku wiki nzima. Ingia kwenye mipangilio ya faragha uchague ni nani anaweza kukuingiza kwenye makundi. Ukitaka kutoka mahali, toka tu. Tangu 2022 ni maadmini peke yao wanaojulishwa kwamba umeondoka.

---

kijana_wa_Lurambi (Kakamega)

Mulembe mzee wangu. Mimi nitatetea Discord kwa sababu ndiyo iliyonisaidia nilipomaliza chuo, wenzangu wote wakaenda Nairobi nikabaki kwenye bedsita peke yangu.

Ni programu ya gumzo iliyoanza 2015 kwa ajili ya wanaocheza gemu, lakini sasa kuna seva, yaani makundi, za kila kitu: mpira, kilimo, lugha, dini. Ninachokipenda ni vyumba vya sauti. Humpigii mtu simu, unaangalia tu ni nani yuko chumbani na unaingia. Ni kama kupita kando ya baraza ukaona nani ameketi. Na unatumia jina la kubuni, namba yako haionekani na wenzako.

Sasa ubaya wake, maana sitaki kukudanganya. Seva nyingi ni za Kiingereza na zina watu wa Marekani. Saa mbili usiku kwetu, New York ni mchana, watu wako kazini. Wanachangamka sisi tukiwa tumelala, ukiwafuata utavuruga usingizi na kazi. Sauti nayo inamaliza bando haraka, mimi huingia nikiwa na Wi-Fi tu. Na wengi ni rika langu. Sijui kama utapenda.

---

Section58_halisi (Nakuru)

Kaka, mimi nakuambia kama jirani: toka nje. Ingia kwaya, nenda Nyayo Gardens Jumamosi, jiunge na chama. Simu haijawahi kumshika mtu mkono. Na hawa vijana wanaosema wana upweke, upweke gani wa miaka 26?

---

kijana_wa_Lurambi (Kakamega)

Nakuheshimu, lakini upweke upo. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na vijana ni miongoni mwa walioguswa zaidi. Mimi nilikaa siku nne bila kutoa sauti mdomoni. Siku ya tano nikaenda kununua maziwa dukani, sauti ikatoka imekwaruza.

---

Nyar_Dunga (Kisumu)

Section58, kwaya ni nzuri, hata mimi naimba. Lakini baba ametuambia saa zake. Saa tatu usiku mlango umefungwa, na kwaya ni ya Jumamosi.

---

Mwl_Mstaafu (Bungoma)

Nimesoma yote. Nilianza mambo haya kwenye saiba, yale maduka ya intaneti, tukilipa shilingi moja kwa dakika, nikiingia vyumba vya gumzo vya Yahoo. Huko nilipata rafiki wa Tanga. Tuliandikiana karibu miaka minne: mashairi, mafumbo, habari za mazao. Nilimjua kwa jina lake la humo tu. Yahoo walifunga vile vyumba Desemba 2012, nami wakati huo nilikuwa nauguza mama hospitalini. Niliporudi hapakuwa na mlango. Messenger yao ilidumu hadi Julai 2018, lakini yeye sikumpata tena. Mpaka leo sijui kama yu hai.

Kwa hivyo ndugu, ukishapata mtu wa kuaminika, muwe na njia ya pili ya kufikiana. Kampuni ikifunga duka lake, msipoteane.

Kuhusu swali lako, mahali pa gumzo tupu pananichosha. Unaingia, unasalimu, kisha unatafuta la kusema kama mgeni aliyekuja bila ujumbe. Tangu nistaafu nacheza sataranji kwenye tovuti ya Lichess. Ni bure kabisa na haina matangazo. Nina mwenzangu wa Kisumu, tunaanza saa mbili na nusu, tunawasha simu pembeni. Tunazungumzia wajukuu, bei ya mahindi, goti lake. Akikaa kimya najua anafikiria farasi wake, sio kwamba amenichoka. Mchezo unakupa sababu ya kuwa pale, kama vile uzi wa dada yetu wa Dunga.

Unajua kucheza? Kama hujui, nilikuwa mwalimu miaka 34.

---

jina_nimeficha (Busia)

Naandika hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Mimi nilichagua programu ya uchumba, nikajiambia ni gumzo tu. Mwanamke akanijia, akasema ni mjane, muuguzi wa Eldoret. Siku ya tatu akaniomba tuhamie kwenye ujumbe wa faragha. Miezi miwili kila usiku alinisalimu kwa jina langu na kuniuliza nimekula nini. Kwanza aliomba 500 ya bando. Kisha 3,500, mtoto ni mgonjwa. Kisha 42,000 za kutoa mzigo Malaba. Nilimwomba tuonane kwa video mara nyingi, kila mara kamera imeharibika. Nilipotuma hizo 42,000 namba ilizimwa usiku ule ule.

Baadaye kijana mmoja aliitafuta picha aliyokuwa akiitumia mwanamke huyo kwa Google Lens. Ilikuwa ya mtu wa nchi nyingine kabisa.

Pesa zimeniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba jioni zile nilikuwa na furaha. Sijui niiweke wapi furaha hiyo.

Baba wa Lanet, anayekutoa haraka kwenye kundi ili mbaki wawili, kuwa macho. Mwambie mwonane kwa video kabla ya wiki kuisha. Na shilingi ya kwanza ndiyo ya kukataa, hata ikiwa 50.

---

Nyar_Dunga (Kisumu)

Omera, asante kwa kutuambia. Furaha ilikuwa yako, haikuwa uongo. Uongo ulikuwa wake. Kupiga ripoti polisi bado inawezekana, ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta. Tunza jumbe zote za M-Pesa.

---

chai_ya_Nandi (Kapsabet)

Na zile programu za akili bandia za kuzungumza nazo? Hazilali na haziombi pesa.

---

Mwl_Mstaafu (Bungoma)

Nimejaribu moja. Inajibu vizuri. Lakini nilikaa wiki mbili bila kuifungua, na niliporudi haikuniuliza nilikuwa wapi.

---

BabaWawili_Lanet (Nakuru)

Nimerudi baada ya siku kumi, samahani kwa kimya.

Telegram nimetoka. Kundi la wafiwa nimebaki, ila naingia Jumapili mchana tu, nikiwa na nguvu ya kumfariji mtu. Discord nilijaribu siku mbili. Vijana walinikaribisha kwa heshima sana, lakini sikuelewa nusu ya mazungumzo yao.

Mwalimu ananifundisha sataranji. Nimefungwa michezo yote na bado naingoja saa mbili na nusu tangu saa kumi jioni. Kisha tukafungua kikundi cha WhatsApp cha watu sita: mimi, mwalimu, mwenzake wa Kisumu, kijana wa Lurambi, chai ya Nandi, na Section58, ambaye amekubali kuja kuona. Simu ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Mwanzoni kulikuwa kimya kigumu, kila mtu anakohoa. Mimi nilikuwa naosha sufuria. Kijana akauliza, "Mzee, hayo maji yanayodondoka ni ya wapi?" Nikamwambia ni mfereji wangu, fundi anatengeneza ya watu. Akasema wake unadondoka tangu Machi. Basi nikamwelekeza pale pale: funga maji kwanza, fungua kichwa, toa wosha iliyolika, ile pete ya mpira, uende nayo dukani wakupe inayolingana. Chai ya Nandi naye akakimbilia jikoni kwake. Tulikaa saa moja na nusu tukizungumzia mifereji, tukaishia kwa mama zetu.

Jana nilisonga ugali wa mtu mmoja. Ulitosha.

Alhamisi hii tumesogeza hadi saa tatu, mwalimu ana kikao cha mazishi. Wewe wa Busia, kama unasoma bado, nafasi ya saba ni yako. Niandikie faragha. Si lazima useme kitu siku ya kwanza, na tutawasha kamera wote kabla hujaingia.