Naomba ushauri: wajibu wa meneja wa meli unaishia wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mhandisi wa pili katika meli ya mizigo ambayo mwenyewe ameikabidhi kwa kampuni ya usimamizi. Hao ndio wanaoajiri mabaharia, kupanga matengenezo na kununua vipuri. Kwa miezi miwili sasa pampu ya maji ya kuzimia moto inavuja, nasi tumeikingia ndoo ambayo naimwaga kila zamu. Tumeagiza kipuri mara tatu, na kila mara tunajibiwa kuwa mwenye meli hajaidhinisha fedha. Jambo hili linaninyima usingizi, kwa kuwa moto baharini hauna pa kukimbilia.

Ninavyoelewa, Kanuni za Kimataifa za Usimamizi wa Usalama, zilizoanza kuwa za lazima mwaka 1998, humbebesha dhamana yule aliyepokea jukumu la kuendesha meli, hata kama fedha zinatoka kwa mwingine, na humtaka ateue mtu wa nchi kavu anayeweza kumfikia kiongozi wa juu kabisa wa kampuni.

Je, nimwandikie mtu huyo moja kwa moja, au nipitie kwanza kwa mhandisi mkuu na nahodha, ambao nawaheshimu na nisingependa waone nimewaruka?