Tupeane uzoefu: ulinyanyuaje nyuma ya pikapu yako bila kujiumiza wala kuharibu gari?

Wakuu habari za jioni. Nina Hilux ya springi za majani, nabebea mahindi na mbolea huku Mbozi, nyuma springi zimelala kabisa, nikipakia tu tairi zinakaribia kugusa bodi. Nataka ipande kama inchi mbili hivi. Kabla sijaenda kwa fundi naomba waliofanya waseme walichopitia, na mimi naanza na langu.

Mwaka juzi tulikuwa tunabadilisha jani lililokatika, uwanjani kwa jamaa, udongo ulikuwa umenyeshewa juzi yake. Fundi kaweka jeki chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma), kapandisha, akavuta hendibreki akaona inatosha. Sasa hendibreki inashika tairi za nyuma na hizo ziko hewani, hata ukiweka gia ni kazi bure, tairi za mbele zilikuwa huru zinajiendea. Gari likasogea kidogo mbele, jeki ikalala, bodi likashuka pwaa. Kijana alikuwa ametoka chini kwenda kuchukua spana ya 17, hiyo tu ndo ilimwokoa. Tangu siku ile mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za mbele ndo kitu cha kwanza, na sikubali mtu aingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, jeki ni ya kupandishia tu, kushikilia ni kazi ya stendi.

Fundi, Makambako:
Pole sana mkuu. Na hizo stendi ziweke kwenye chesisi, mbele ya springi, siyo kwenye ekseli, maana ukishafungua yubolti (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ekseli inabaki haina kinachoishika inaning'inia. Yenyewe unaipa jeki yake pembeni, unaishusha polepole huku unaangalia paipu ya breki ile ya mpira, ikianza kuvutika simama hapohapo. Chini kama ni udongo tandika ubao mpana mnene. Na ukitaka kuongeza jani, funga klempu mbili za nguvu kabla hujagusa senta bolti (ile ya katikati inayoshikanisha majani), yale majani yamebanwa yana hasira, nati ikitoka yanafyatuka, nimeona mtu akipoteza meno mawili.

Dereva, Kahama:
Mimi naongelea bloku. Niliwekewa bloku ya chuma kati ya ekseli na springi, ikapanda vizuri tu, nikanogewa, nikaongeza nyingine juu yake. Hapo ndo nilikosea. Barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, kila nikikanyaga mafuta ekseli inajipinda, bloku zikaanza kuachana, senta bolti ikakatika na tairi la kushoto likarudi nyuma likapiga bodi. Bloku ni moja tu kila upande, ya chuma kizima, mbao usithubutu. Na yubolti nunua mpya ndefu, za zamani zimeshavutika, ukizifunga tena zinalegea. Ukishatembea kama kilometa 500 rudi uzikaze tena, gari likiwa limekaa chini kwa tairi zake.

Mdau, Iringa:
Hakuna aliyetaja breki!! Hilux nyingi zina valvu kwenye chesisi yenye fimbo inayoshuka mpaka kwenye ekseli, inapima mzigo. Ukinyanyua gari ile fimbo inashuka, valvu inadhani gari halina kitu, inapunguza breki za nyuma. Mimi nilijua hilo nikiwa nashuka mlima Kitonga na mifuko ya simenti, mbele breki zinanuka moto nyuma kama hakuna kitu, nilishuka na gia ya kwanza huku naomba Mungu. Fundi mwingine akaja kupandisha kishikio cha ile fimbo sawasawa na kimo cha bloku, ikatulia. Ndugu yangu hili usilisahau kabisa.

Mkulima, Nakuru:
Yangu ilianza kutetemeka kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa baada ya kuinyanyua, kumbe difu ilikuwa imebadilisha angle na krosi (viungo) za propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, zinateseka. Tuliweka kabari za chuma chini ya springi, ikapoa. Pia mjue kupanda si kuongeza uwezo wa mzigo, bloku haibebi chochote, ni jani tu ndilo linasaidia springi, na hata hivyo ekseli na tairi ni zile zile.

Asanteni sana wakuu, kumbe hata hiyo fimbo ya valvu sikuwahi kuitazama, leo nimeingia na tochi nikaiona ipo, imejaa matope. Nimeachana na bloku, naongeza jani moja kila upande, yubolti mpya nne nimeshaagiza. Wa Makambako, hizo klempu naweza kupata kwa mafundi wa kuchomelea au mpaka niende Mbeya?