Nitajieni gemu mnazozipenda, za zamani na za sasa, za kucheza wawili kwenye TV moja

Mama Zawadi (Dodoma):

Wakuu, habari za jioni.

Nimenunua PS4 Slim, mashine ya gemu ya PlayStation, iliyotumika. Ina padi mbili, haina CD hata moja. Nyumbani tupo wanne: mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha nne, na mwanangu wa miaka tisa. Mume wangu naye ameileta PS2 yake ya ujana kutoka kwao Singida, ipo kwenye boksi na waya zake zote, na anasema haiuzi ng'o.

Naomba mnitajie gemu mnazozipenda, za mashine zote mbili. Hata kama yako ni ya mashine nyingine itaje tu, nitaiweka akilini. Ila mjue hali yetu. Intaneti ni bando la simu, kwa hiyo gemu ya kupakua GB 60 siiwezi. Na sitaki ile ambayo mmoja anacheza saa tatu, wengine wanamtazama mgongo. Natoka zamu hospitalini usiku, na ule muda kabla mtoto hajalala ndio tunaokaa pamoja sote. Nataka gemu itakayoujaza muda huo.

Msinitajie gemu kwa sababu ina picha nzuri. Nitajie uliyoicheza ukaipenda, na uniambie kwa nini.

Fundi wa Ngamiani:

Mama Zawadi, hongera kwa mashine. Mimi nimeendesha kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga, tangu enzi za PS1, na siku hizi nazitengeneza tu. Kibandani gemu isiyochezwa na wawili haikulipa hata umeme. Ndiyo maana kila gemu naipima kwa swali moja: aliyefungwa anataka kurudia? Kama anaweka padi chini na kuondoka, hiyo gemu haifai, hata iwe na sifa dunia nzima.

Nianze na mpira, maana najua ndio utakaoulizwa kwanza. Usihangaike na toleo la mwaka huu. Tafuta CD ya FIFA 19. Ukiingia mechi ya kawaida utakuta sehemu imeandikwa House Rules, na humo kuna mchezo unaitwa Survival: ukifunga goli, mchezaji wako mmoja anatolewa uwanjani. Anayeongoza anazidi kupungukiwa watu. Sasa fikiria mwanao amefungwa mbili bila na mjomba wake wa kidato cha nne. Yeye bado ana watu kumi na mmoja, mjomba amebaki na tisa. Mtoto hakati tamaa, na mjomba naye anatokwa jasho. Hakuna gemu ya mpira iliyowahi kunipa dawa nzuri kuliko hiyo kwa watu wasiolingana uwezo.

Lakini moyo wangu mimi uko kwa kampuni ya Konami. Mpira wao wa Winning Eleven, ndiyo huo huo PES, ndio iliyolipa kodi ya kibanda changu, na mumeo akiwa kijana wa PS2 muulize habari za Adriano, mshambuliaji wa Inter, kwenye PES 6. Shuti lake la mguu wa kushoto lilikuwa balaa. Kwangu tulipitisha sheria kwamba anayechukua Inter hapigi na Adriano kutoka nje ya boksi, la sivyo jioni nzima ni ugomvi. Tangu 2021 Konami wameigeuza kuwa eFootball, ya kupakua bure na ya kutegemea intaneti, kwa hiyo kwako haifai. Kwa PS4 tafuta CD ya PES 2019 au PES 2021. Pasi zake zina uzito ambao FIFA haijawahi kunipa.

Sasa niache mpira, nikutajie ambayo ningekununulia kwa hela yangu: Rayman Legends. Ni ya 2013, kwenye PS4 ilikuja mwaka uliofuata, na CD yake mara nyingi ni ya bei ndogo kwa sababu vijana hawaitafuti. Mnakimbia, mnaruka, mnapiga madude, mpaka watu wanne kwa pamoja kwenye skrini moja. Mmoja akifa anageuka puto linaloelea, mwenzake anamgusa, anarudi mchezoni. Hakuna kusubiri zamu. Kuna hatua za muziki ambazo kila unaporuka na kupiga inalingana na ngoma inayopigwa, na hapo nimewaona wazee waliokuja kumfuata mtoto wao kibandani wakikaa kwenye benchi. Na ndani yake kuna kamchezo kanaitwa Kung Foot: mpira wa miguu na makofi, uwanja mdogo, magoli mawili. Kwa mtoto wa miaka tisa hako peke yake kanatosha wiki nzima.

Ya tatu ni Crash Team Racing Nitro-Fueled, magari, wanne kwa skrini iliyogawanywa. Sina maneno mengi, mtaipenda.

Kwenye PS2 ya mumeo, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba inasoma CD za PS1 pia. Kwa hiyo tafuta Tekken 3, gemu ya kupigana wawili. Kwa PS1 ilitoka 1998 na hadi leo hakuna Tekken ninayoipenda zaidi, ingawa wamefika ya 8. Sababu ni Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana kwa kapoeira, mapigano ya kwao yanayofanana na dansi. Mtoto akimchukua Eddy na kubonyeza vitufe vya mateke tu, anajikuta anazunguka, anaingia chini, anapiga kutoka mahali ambapo mkubwa hakutarajia. Wanaojua sana walikuwa wanakasirika kibandani kwangu, wanasema hiyo si kucheza. Mimi nilikuwa namtetea mtoto. Gemu inayompa mgeni nafasi ya kumwangusha bingwa siku ya kwanza ni gemu ya heshima.

Ushauri wa fundi: PS2 usiichomeke kwenye TV flati kama una TV ya chogo imelala stoo. Zile waya za njano, nyeupe na nyekundu zinatoa picha iliyotengenezwa kwa ajili ya chogo, kwenye flati inakuwa na ukungu. Na hakikisha memori kadi yake ya MB 8 ipo, bila hiyo mkizima tu kila mlichofikia kwenye gemu za PS2 kimepotea.

Binti Kibokoni (Muscat):

Asalaam aleikum dadangu Mama Zawadi, na wewe Fundi.

Mie ni wa Kibokoni, Mombasa, naishi Muscat na mamangu. Fundi asema kweli kuhusu kucheza wawili, lakini kuna gemu moja ya mtu mmoja ambayo siwezi kuwacha kuitaja. Yaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka Aprili 2024. Kwa PS4 haiko, iko kwa PS5, Xbox Series, kompyuta na Switch ya Nintendo, na mie naicheza kwa Switch.

Aliyeitunga ni Abubakar Salim, Muingereza mwenye asili ya Kenya. Ni muigizaji kwanza. Alifiwa na babake, na hii gemu ndiyo alivyoubeba ule msiba. Kijana Zau amefiwa na babake, amekataa kukubali, akaenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, akafanya naye mapatano: nikuletee roho kubwa tatu zilizokutoroka, unirudishie baba. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni cha kupigana karibu kwa moto, cha mwezi ni cha kupiga kwa mbali na kugandisha. Unabadilisha katikati ya vita, na ukishazoea mkono waenda wenyewe kama mpiga ngoma.

Na sauti zake zote unaweza kuziweka Kiswahili! Wahusika wanazungumza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimwita mamangu jikoni aje asikize. Mamangu hajapata kushika padi maishani, lakini alikaa nami mpaka adhana ya isha, yuwamkemea Zau: "We mtoto, mauti hayabishaniwi!" Basi tangu hapo ikawa siruhusiwi kuendelea kama yeye hayuko. Kwa hivyo mie nasema kuna gemu ya mtu mmoja inayochezwa na wawili, mmoja ameshika padi na mwengine yuwashika hadithi.

Wewe ukitaka kumsikia Abubakar kwa PS4 yako, ndiye sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017, ile ya Misri ya kale. Kwa Kiingereza hiyo, na ni ya wakubwa, ucheze mtoto amelala. Lakini Misri ile, dadangu! Wapanda ngalawa Mto Nile, wapanda piramidi kwa mikono yako.

Mwalimu wa Igoma (Mwanza):

Mama Zawadi, mimi nakwenda nyuma zaidi ya Fundi. Kama kuna anayeuza zile mashine za kaseti, nakala za Kichina za Famicom ya Nintendo, mnunulie mwanao. Ndani ya kaseti tafuta gemu ya vifaru, jina lake Battle City, ya Namco, 1985. Wawili mnalinda ndege aliyezungushiwa matofali pale chini, vifaru vya adui vinashuka kutoka juu. Mkiokota sepetu, matofali yanageuka chuma kwa muda. Mkiokota nyota, kifaru chako kinapata nguvu. Na risasi yako ikimgusa mwenzako anaganda kidogo, kwa hiyo lazima mkubaliane nani anashika upande gani. Mimi na kaka yangu tulijifunza kupanga kazi pale, kabla ya shule kutufundisha.

Kinachonifanya niipende mpaka leo ni sehemu iliyoandikwa Construction. Unajenga uwanja wako mwenyewe: matofali hapa, maji pale, chuma kumzunguka ndege. Wanafunzi wangu niliowaonyesha waliacha kabisa hatua zilizotengenezwa na wenyewe, wakawa wanajenga na kushindanisha viwanja vyao.

Mkiletewa na bunduki ya kupiga bata, hiyo itahitaji TV ya chogo. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua na bata anageuka kisanduku cheupe, bunduki inautafuta ule mweupe. TV flati inachelewesha picha, kwa hiyo bunduki haioni kitu.

Na kwenye PS4 kuna moja ya wewe na mumeo: It Takes Two. Haichezeki na mtu mmoja kabisa. Mume na mke wanaotaka kuachana wanageuzwa vidoli kwa machozi ya binti yao, na kila hatua mmoja anapewa kifaa ambacho mwenzake hana. Yeye ana misumari, wewe una nyundo. Bila kuongea hamvuki. Ilipewa tuzo ya gemu bora ya mwaka 2021 kwenye The Game Awards na ilistahili. Mimi na mke wangu tuliimaliza kwenye likizo ya Desemba, na kuna mahali, pale kwa tembo wa kitambaa, mke wangu alilia kweli.

Mama Zawadi:

Jamani, mmenijibu kama ndugu. Asanteni sana. Binti Kibokoni, msalimie mama, mwambie nimeipenda hukumu yake.

Mume wangu nimemsomea habari za Adriano, amesimama kabisa kutoka kwenye kochi. Anasema kwao Singida sheria ilikuwa hiyo hiyo.

Swali moja. Mdogo wangu ameona neno PS2, sasa ananisumbua kuhusu GTA San Andreas. Anasema rafiki zake wote wameicheza. Nimruhusu?

Fundi wa Ngamiani:

San Andreas ya 2004 ni kazi kubwa, sitaisema vibaya. Miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na mashamba na jangwa katikati, vyote ndani ya CD moja. CJ, yule unayemwongoza, anakonda akikimbia na ananenepa akila. Hata kucheza wawili ipo: kuna alama za watu wawili mitaani, ukisimama pale mwenzako anaingia na padi ya pili. Lakini imewekewa miaka 18, na sababu ipo: matusi, mauaji, wanawake wanavyochukuliwa. Mdogo wako wa kidato cha nne, kaa naye mzungumze, uamue wewe na mumeo. Wa miaka tisa, hapana, hata kutazama. Kibandani kwangu nilikuwa siiwashi mpaka wadogo wameondoka, na nilikosa hela kwa hilo, sijutii.

Kwa CD zote, geuza boksi utazame namba ya umri. Za Ulaya zimeandikwa 3, 7, 12, 16 au 18. FIFA 19 ni 3, Rayman na Crash ni 7, It Takes Two ni 12. Za Marekani zina herufi: E ya wote, T ya vijana, M ya wakubwa.

Ukienda kununua CD iliyotumika, igeuze kwenye mwanga. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi inasomeka, ile inayozunguka pamoja na CD ndiyo inayoua. Omba iwashwe hapo hapo dukani, maana CD ya PS4 inajinakili kwanza kwenye mashine, na ikiwa mbovu itakwama humo. Ukiona maandishi kwenye boksi kwamba lazima upakue kitu kwa intaneti, iache. Nyingine ikikuomba sasisho, kataa, endelea kucheza. Na padi zako mbili zijaribu leo: ingia kwenye gemu yoyote, weka padi mezani bila kuigusa. Mchezaji akitembea mwenyewe, hiyo analogi, yaani kile kijiti cha kumwongozea, imechoka, ipeleke kwa fundi ibadilishwe, si kazi ya kununua padi mpya.