Tunamtafuta bibi wa ukoo wa mume wangu, Maryland kabla ya 1776. Nimekwama kwenye mirathi

MamaTunu
Habari za humu wakuu. Mume wangu ni Mmarekani mweusi, kwao Prince George's County, Maryland. Mama mkwe umri umeenda na anatamani kujua walikotoka. Sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani, ninayo. Ninayo pia orodha iliyoandikwa kuanzia 1867, pale wenye watumwa walipotarajia fidia: babu yao yumo, na jina la aliyemmiliki limo. Nikafuata mirathi za familia ya huyo mmiliki kurudi nyuma mpaka miaka ya 1790, nikamkuta mama anaitwa Sall na wanawe. Mwenye shamba wa kabla ya hapo alifariki 1768. Wosia wake haumtaji mtumwa hata mmoja kwa jina. Nipite wapi?

Mjukuu_wa_Karani
Dada, wosia peke yake hautoshi. Wengi waliandika tu "mali yangu iliyobaki apewe mke wangu", basi. Tafuta orodha ya mali ya marehemu. Mpaka 1777 mirathi za Maryland zilikuwa chini ya mahakama moja, Prerogative Court ya Annapolis, na madaftari yake ya Inventories yanaanzia 1718. Wathamini waliandika kila kitu: vitanda, masufuria, ng'ombe, na katikati ya hivyo watu, kwa jina, mara nyingi na umri, na bei kwa pauni. Inauma kuisoma. Mkae na mumeo muisome pamoja.

Ukimkuta Sall mtoto wa miaka minane na juu yake mwanamke mtu mzima, andika ulichoona, ila usimwite mama yake mpaka karatasi nyingine iseme hivyo. Kisha shuka chini kwenye sahihi: ndugu wawili wa marehemu na wadai wawili. Hao ndugu wafuate, mirathi zao nazo huenda zina watu walewale.

BintiPemba
Naongezea: wafuate wanawake wa ile familia. Mjane kule alikuwa na theluthi, si thumuni kama mirathi yetu Waislamu. Akiolewa tena, watumwa aliorithi wanakuwa mali ya mume mpya, na wanaonekana kwenye mirathi yenye jina la ukoo mwingine kabisa. Mabinti hivyo hivyo, walipewa watu siku ya harusi. Hapo ndipo wengi wanapopoteza njia.

Kisomo
Angalia tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1740 inakuja baada ya Desemba 1740.

MamaTunu
Mungu awabariki. Mjane wa 1768 aliolewa tena, na jina la mume wa pili ninalo. Lazima nifunge safari mpaka Annapolis?

Mjukuu_wa_Karani
Anza na FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo. Ni bure, unafungua akaunti tu, na picha za mirathi za Maryland zimo nyingi. Anza na huyo mume wa pili. Tafuta orodha ya mali yake, na pia hesabu za msimamizi wa mirathi, maana huenda zikaonyesha nani aligawiwa nani. Ukikwama kwenye mwandiko, weka picha hapa tuusome wote.